Dk. Dativa Kokushubila na Watu Wake wa Krismasi

Dk. Dativa Kokushubila, tunayemzika leo tarehe 23 Desemba 2025 hapa Maskati kama alivyoagiza mwenyewe, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika kijiji cha Kanyigo, mkoani Kagera. Mama yao alipofariki mwaka 1983, Dativa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wake Conjesta miaka mitano. Tangu siku hiyo Conjesta alikuwa na mama mmoja tu, dada yake, na hakupenda kumgawana na mtu yeyote. Wasifu huu ameuandika yeye, kwa hiyo msishangae mkiusikia wivu ndani yake.

Elimu ya msingi marehemu aliipata hapo hapo kijijini, akimbeba Conjesta mgongoni na kumficha chini ya dawati. Siku moja mwalimu aliuliza saba mara nane, sauti ndogo ikatoka chini: "Dada anajua!" Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Baadaye marehemu alisoma Sekondari ya Rugambwa, kisha Muhimbili, alikohitimu udaktari mwaka 1998.

Alifanya kazi Bukoba miaka tisa. Mwaka 2007 aliajiriwa na hospitali moja ya Bawshar, hapa Maskati, wodi ya magonjwa ya kifua. Watu wa Maskati huisubiri baridi kwa hamu. Hutoka kupiga kambi mchangani, huwasha kuni na kuchoma nyama, na wiki inayofuata hujaa wodini wakikohoa. Ndiyo maana hakuwahi kupata likizo ya Desemba hata mara moja. Nyumbani Kanyigo alikwenda Julai, na Conjesta akazoea kupika pilau la Krismasi siku ya Sabasaba.

Marehemu hakuolewa. Akiulizwa, alisema mume wake ni simu ya hospitali, maana ndiyo inayomwamsha.

Krismasi yake aliifanyia nyumbani kwake Khuwair ya Kusini, akitoka zamu. Walikuja wale waliopewa ruhusa na waajiri wao: Obedi wa Mwanza, dereva, na Nambi, binti wa Kiganda anayefanya kazi za ndani Bawshar, ambaye marehemu alimtibu pumu. Mwaka wa kwanza Mzee Nasr, mwenye nyumba aliyeishi chini, alipanda ngazi kulalamikia kelele. Alipoiona meza akasema, "Nimekuja kugombana nanyi, lakini nna njaa." Akala, na kila mwaka akarudi.

Huko Kanyigo, Conjesta alikuwa akichambua senene, panzi wanaoliwa huko, kila Novemba, akiwakaanga na kuwatuma kwa ajili ya Dativa peke yake. Krismasi ya mwaka 2021 alipiga simu ya video, akamwona Nambi anatafuna, mkebe mapajani.

"Nani huyo anakula senene wangu?"

"Nambi. Hata kwao wanawala, mdogo wangu."

"Basi kwao wamtumie!"

Alikata simu, na hakuzungumza na dada yake mpaka katikati ya Januari. Wiki hizo tatu anazijutia leo kuliko kitu chochote.

Septemba mwaka huu marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Conjesta alifika Khuwair tarehe 2 Desemba, akashika kila kitu mwenyewe: kumwogesha, kumlisha, kulala kando yake. Nambi alipokuja Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alionyeshwa kiti cha mlangoni. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 19, marehemu alitamani ndizi za kupika. Conjesta alimwachia Nambi mgonjwa, akaenda na Obedi kuzitafuta sokoni Mawaleh. Dativa alifariki saa nne na dakika ishirini. Conjesta aliporudi, Nambi alikuwa amekwisha kumfumba macho.

Conjesta hakumpa mkono. Obedi alipoleta majina ya marafiki ili yaandikwe mwisho wa wasifu huu, Conjesta aliyafuta yote. "Hapa wanaandikwa ndugu," alisema. "Marafiki wataandikiwa shukrani ukurasa wa nyuma."

Juzi mchana, wakiosha vyombo vya msibani, Nambi alisema bila kuinua macho, "Dada, naomba unisamehe. Alikuwa haoni tena vizuri. Akaita, 'Conjesta?' Mimi nikaitika."

"Ukaitika jina langu?"

"Ningemwambia umetoka? Akanishika mkono, akauliza, 'Umekula?' Nikamwambia nimekula. Akatulia. Hakusema tena."

Conjesta alilia, na hataficha kwamba kwanza alilia kwa wivu: swali la mwisho la dada yake lilikuwa lake, likajibiwa na mtu mwingine. Kisha alifuta mikono, akamwomba Obedi ile karatasi ya majina na kalamu.

Dk. Dativa Kokushubila ameacha jirani, Mzee Nasr, rafiki, Obedi, na wadogo wawili, Conjesta na Nambi. Mungu ampe pumziko la amani.