Fundi Wingu na Betri Mbili za Kushoto

Marehemu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, saa saba mchana, mtoto wa nne wa seremala na mkewe, katika chumba chenye dirisha moja lililotazama bati la jirani. Mkunga aliapa kwamba kitoto kilipofumbua macho kilitafuta dirisha kwanza, ndipo kikamtafuta mama. Mama mtu akasema huyu dharau ameanza mapema. Mama huyo alifariki mwaka 1984, na mtoto akalelewa na bibi yake. Bibi hakwenda shule, kwa hiyo haya ameyasema na mjukuu wake mwingine ameyaandika yalivyotamkwa. Pale yatakapozidi chumvi, hiyo ni chumvi ya mlezi. Yale ya mwishoni hayakutiwa hata punje.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, na sekondari hadi 1996. Darasa la tatu alikwenda shuleni na kipande cha kioo mfukoni, akakitega dirishani, akaupiga mwanga kwenye upara wa mwalimu wa hesabu kipindi kizima. Inasemekana upara ule uling'aa mpaka jogoo wa nyumba ya pili akadhani kumekucha upya, akawika. Alichapwa fimbo sita. Mwalimu alimwambia bibi, "Huyu mtoto wako jua limemwingia kichwani." Bibi akajibu, "Afadhali jua, mwalimu. Wengine hakijawaingia kitu." Mwaka 2000 alipata cheti cha umeme katika chuo cha ufundi, akakileta nyumbani kimefungwa kwenye gazeti kama samaki.

Alifanya kazi za umeme kwenye majengo kwa miaka minane, na mwaka 2009 akaanza kufunga sola majumbani. Hapo ndipo alipopata jina la Fundi Wingu. Wenzake walipouza paneli waliuza jua. Yeye kila mteja alimwuliza, "Na wingu likija?" Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuacha. Kabla ya kupanda juu ya paa, aliwaagiza wenye nyumba watoe uani kila chombo kinachokula umeme, wakipange mkekani. Kisha alichuchumaa, akavitenga kama anayechagua mchele. Taa huku. Redio huku. Simu, televisheni ndogo, feni moja, huku. Halafu pasi, birika na jiko la umeme aliviinua kimoja kimoja, akavirudisha ndani kwa mikono yake.

"Hivi vina tumbo la mgeni aliyekuja na wanawe wote," alisema. "Vikae na umeme wa mtaani."

Aliwaambia kwamba paneli itaishi miaka ishirini na zaidi, lakini betri haitafika huko. Kwamba vumbi lisipofutwa linakula mwanga. Kwamba siku tatu za mvua mfululizo watakaa gizani kama zamani, na wasimpigie simu kumtukana. Wateja wengine walimkimbia. Waliobaki hawakumwita mwongo.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, na walijaliwa mabinti wawili. Siku ya kupeleka posa mashemeji walimwuliza atampa nini dada yao. Alisema kwake taa haitazimika. Mwalimu akauliza toka nyuma ya pazia, "Hilo umeshawaambia wangapi?" Akasema ndiye wa kwanza. Mwaka 2015 alitimiza: paneli sita juu ya paa, na betri nne kubwa zimepangwa kwenye rafu ya mbao karibu na mlango wa jikoni. Mwalimu alizipenda betri zile kuliko makochi. Kila Jumamosi alizifuta kwa kitambaa kikavu, na wageni aliwaonyesha, "Kwetu ziko nne."

Sasa linakuja jambo ambalo familia imekubaliana lisifichwe, kwa kuwa mjane ndiye aliyetaka lisomwe.

Septemba 2022 Fundi Wingu aliitwa na mama mmoja fundi cherehani wa mtaa wa juu. Mkeka ukatandikwa, vyombo vikapangwa, na pasi ikarudishwa ndani kama kawaida. Fundi cherehani akaitoa tena. "Mimi bila pasi sina nguo ya kumpa mteja," alisema. "Na yule fundi mwenzako amesema kwake itawaka."

"Amesema hivyo?"

"Amesema hata mbili."

Mtu aliyesema hapana kwa miaka kumi na tatu aliumwa na wivu siku moja. Alisema, "Kama kwake itawaka, kwangu itawaka zaidi." Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Pasi iliwaka kweli, ikawaka kila siku, na Januari betri mbili za fundi cherehani zilikuwa zimekufa, na nguo za arusi ya watu zimerundikana mezani zikiwa na makunyanzi. Alipofika, mama wa watu hakumfokea. Alimwuliza tu, "Niliambiwa wewe husemi uongo. Au walimsema mtu mwingine?"

Aibu ile hakuweza kulala nayo. Siku iliyofuata, mkewe akiwa shuleni, alifungua betri zake mbili za kushoto, akampelekea fundi cherehani, na zile maiti akazileta nyumbani akazipanga mahali pake. Nyaya alizilaza juu, hakuzifunga. Taa za nyumbani ziliwaka, redio iliimba, na hakuna aliyegundua. Jumamosi mwalimu akachukua kitambaa chake. Fundi Wingu alikaa pale na kikombe cha chai, akaitazama mikono ya mkewe ikifuta betri zisizo na uhai, akasema, "Asante, mama." Alisema hivyo kila Jumamosi kwa miaka miwili na miezi mitatu. Mganga hajigangi, na msema kweli wa mitaani nyumbani alikuwa na rafu ya maganda.

Alianza kukohoa katikati ya mwaka 2023. Madaktari walisema mapafu yanakakamaa na hayatalainika tena. Februari mwaka huu alirudishwa nyumbani na mashine ya oksijeni, akawa hawezi kuiacha zaidi ya dakika chache. Mashine ile nayo ilikuwa na tumbo.

Ijumaa tarehe 11 Aprili 2025, siku ya tatu ya mvua, umeme wa mtaani ulikatika saa nne asubuhi. Mashine ikahamia kwenye betri. Mwalimu hakushtuka. Alikuwa amefundishwa hesabu hiyo na mumewe mwenyewe, akaipiga mezani kwa chaki ya watoto: betri nne, zikiwa nusu kwa sababu ya mawingu, zitabeba mpaka saa kumi jioni. Akampigia kaka yake mwenye gari. "Njoo saa tisa umpeleke hospitali, umeme usiporudi. Hakuna haraka, kaka."

Marehemu aliyasikia hayo akiwa kitandani. Alijua zitafika saa saba, labda.

"Mama," alisema. "Mwambie aje sasa."

"Tulia. Tuna betri nne."

"Mbili."

"Mbili nini?"

"Zile za kushoto ni za fundi cherehani. Zilikufa kabla hazijafika hapa."

Mwalimu alikwenda jikoni. Alivuta waya mmoja wa kushoto, ukaja mkononi kama uzi uliokatika. Akarudi, akapiga simu tena, akafunga nguo kwenye begi bila kumtazama. Njiani, dakika arobaini bila mashine, kucha za marehemu ziligeuka rangi ya wino. Alitaka kueleza.

"Pumua," mkewe alimwambia. "Ugomvi tutaufanya baadaye."

Alifika hai. Aliishi siku kumi na moja, nyingi bila kusema, na akafariki tarehe 22 Aprili, saa tatu asubuhi, mkewe akimshika mguu kwa sababu mikono ilikuwa na mipira ya dawa. Daktari amesema ni mapafu, si betri. Mwalimu aliuliza kama dakika zile za njiani zilimpunguzia siku. Daktari alitazama karatasi zake, na mpaka leo hajajibu.

Fundi cherehani alikuja msibani na betri zile mbili kwenye toroli, analia. Mwalimu alimwambia azirudishe kwake. "Alikupa yeye. Sitamfanya mwongo mara ya pili."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, baba yake mzazi, ndugu watatu, na bibi aliyemlea, ambaye anakaribia mia na anasema hii si zamu yake ya kuzika. Ameacha pia nyumba mia mbili na kumi na nne zenye mwanga, na wenye nyumba hizo wanajua vizuri utazimika lini.

Mjane anaomba asihimizwe kusamehe. Anasema ugomvi walioahirisha haujafanyika, na sasa ataufanya peke yake, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka utakapokwisha.

Marehemu amekwishasema kweli yake, apumzike. Amani ya nyumba yake tunaiombea ije.