Maji ya Bwawa Yaende kwenye Mitende

Mheshimiwa Liwali, Sheikh Hilal mkuu wa kijiji, mabwana wenye nyumba ya wageni inayofunguliwa leo, akina mama mliosimama juani kwa sababu viti vimeisha, na ninyi wachimbaji wenzangu: assalamu alaykum.

Nimeambiwa niseme maneno mawili ya shukrani kwa niaba ya vibarua, kisha nifungue koki ili maji ya falaji, mfereji wa kijiji unaopita chini ya ardhi, yajaze bwawa la kuogelea. Kwetu ni Makrani, ng'ambo ya bahari, na shule niliishia darasa la nne. Mtanisamehe nisipopamba maneno.

Mfereji huu nimeutambaa chini ya ardhi nikizoa tope mpaka magoti yameisha, na utaratibu wake ni mmoja: maji yakitokeza juani, kwanza ni ya kunywa, kisha ya msikiti, kisha ya kuoga na kufua, na yanayobaki ni ya mitende. Hata mwaka ule wa ukame, mitende ilipokufa imesimama, nani alithubutu kuoga juu ya mahali pa kunywa? Hata ngamia alifukuzwa kwa fimbo.

Bwawa hili mmeliweka wapi? Juu ya wote. Wageni watajitosa humo na mafuta yao ya mwilini, kisha maji yatoke upande wa pili yateremke kwenye mitungi yetu. Nilipouliza, Mhandisi Badr alinijibu, "Mzee Dadkarim, wewe chimba. Kufikiri tuachie sisi."

Asubuhi hii tumeona mlivyofikiri. Madereva wa msafara wenu wameosha magari pale maji yanapotokeza. Bi Ghalya alikuwa chini yao, mahali pa kunywa, akiteka kwa mtungi wake. Dereva akamwambia, "Ngoja kidogo mama, povu lipite."

"Lipite liende wapi, mwanangu?" akamuuliza. "Mbele yako ni mimi."

Yule kijana akacheka. Mimi sikucheka.

Tunachotaka ni kidogo: njia ya kutokea bwawani ielekezwe kwenye mitende. Sururu tunazo, na leo hii tutaanza.

Mheshimiwa, koki ndiyo hii. Mimi sitaifungua. Anayetaka aifungue mwenyewe, wageni waoge, naye ateremke na kikombe mpaka kwa Bi Ghalya, angoje maji yafike, anywe mbele yetu.

Nawashukuru mlionivumilia hadi mwisho. Nakaa.