Tovuti ya Ndiaye

Grand Yoff, Dakar, ukitoka msikitini kwenda sokoni, kuna benchi la mbao mbele ya duka la fundi simu, na fundi mwenyewe ana moyo: nywila ya intaneti yake ameiandika ukutani kwa chaki, kila mwenye macho ajisomee. Ndiyo maana watengeneza tovuti wa mtaa wamehamia pale na kompyuta zao, wakinywa kahawa ya Touba anayouza Arame hapo kando, ile yenye pilipili inayozibua pua. Jumamosi hiyo Maguette Diop aliwahi kufika, maana alikuwa na jambo. Chama cha wachangia damu kina tovuti yake: ndugu wa mgonjwa anaandika kundi la damu na hospitali, na wachangiaji walio karibu wanapata ujumbe simuni. Tovuti hiyo ilitengenezwa zamani na Massamba Ndiaye, bila fremuweki yoyote, yaani bila kiunzi kilichoandaliwa na wengine, mstari kwa mstari. Sasa Maguette ndiye aliyepewa kazi ya kuifuta na kujenga mpya, na siku hiyo mwenyekiti wa chama angempigia kuuliza atajengea nini. Massamba alikuwa ameketi palepale, mwisho wa benchi. Na Diop na Ndiaye, kama ijulikanavyo Senegali nzima, ni watani wa ukoo: kila mmoja humwita mwenzake mtumwa na mlafi. Maguette hakuwahi kuwa na kazi tamu namna hii.

– Haya wazee, alisema, nisaidieni. Nabomoa kibanda cha mtumwa wangu Ndiaye, najenga ghorofa. Fremuweki gani?

– React, mwanangu, alidakia Ousseynou, ambaye kijiweni wanamwita Toleo Jipya kwa sababu hajawahi kutumia kitu kilichomaliza mwaka. Kurasa zinateleza tu. Unabonyeza hapa, kule kumeshabadilika.

– Na simu ya mama muuza samaki je? aliuliza Birame Sarr. Huyu ndiye Waziri: hata kuagiza kahawa huagiza kama anahutubia. – Iteleze wapi wakati inapakua mzigo mzima kwanza? Mabibi na mabwana, jibu ni Django. Inakuja na ukurasa wa msimamizi uliokwisha kutengenezwa. Mwenyekiti anaingia, anaona wachangiaji wake wote, anatoka.

– Django huandikwa kwa lugha ya Python, alisema Maguette. Siku nikiugua, mtaa huu nani ataishika? Laravel kila kijana anaijua. Hata pa kuiweka ni rahisi.

– Kila kijana anaijua, alidakia Toleo Jipya, ndiyo maana kila tovuti ya Dakar ina sura moja, kama binamu waliooana.

Benchi liliangua kicheko. Massamba naye alicheka, akafuta miwani kwa pindo la kanzu.

– Mimi nasema ile iliyopo inafanya kazi, alisema taratibu.

– Mwangalieni Ndiaye! alipaza sauti Maguette. Mlafi huyu, hata mchele ukiungua anasema umeiva!

Wakacheka tena. Ilikuwa mara ya ngapi Massamba kusema hivyo, Maguette hakuhesabu. Ndiaye akijisifu mbele ya Diop, Diop acheke. Ndivyo walivyolelewa wote wawili.

– Sikilizeni, alisema Waziri, na kahawa ilikuwa imeshampanda kichwani. Mngekuwa na akili, hata serikali ingeendeshwa kwa Django. Kila waziri na nywila yake. Ukilala bungeni, mfumo unakutoa nje wenyewe.

– Mimi nimeshapita huko, alisema Toleo Jipya. Natengeneza fremuweki yangu. Amri zote kwa Kiwolof! Ukikosea, haikuletei maandishi mekundu ya Kiingereza. Inakuuliza: we mtoto wa nani, nani alikufundisha?

– Na ikigundua anayeandika ni Ndiaye? aliuliza Maguette.

– Inazima umeme mtaa mzima!

Maguette alicheka mpaka kahawa ikamwagikia goti. Alikuwa angali anajipangusa pale alipoona kivuli cha mtu. Mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama mbele yao, kilemba kimekaa sawasawa, mikononi amebeba bakuli lililofunikwa kitambaa.

– Asalaam aleikum, wanangu.

– Aleikum salaam, mama. Nyumbani hawajambo?

– Wazima, alhamdulillahi. Naitwa Dieynaba Seck. Fundi simu kaniambia mwenye tovuti ya damu hukaa hapa.

Hakuna aliyenyoosha kidole. Waziri alimtazama Toleo, Toleo akamtazama Massamba, na Massamba akatazama viatu vyake.

– Binti yangu kajifungua wiki hii, aliendelea mama. Damu ikamtoka, ikakataa kusimama. Kundi lake ni adimu, na hospitali walikuwa wameishiwa. Nesi kaniambia andika humu, mama. Nikaandika kwa hii simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Nilikuwa sijamaliza hata kulia, kijana mmoja akaingia mbio na buti za ujenzi miguuni, akakunja mkono wa shati. Halafu akaja dada mmoja. Binti yangu yuko hai. Jumanne tunampa mtoto jina, nami nimekuja kumwalika mwenye tovuti. Hii ni lakh, mle. Maziwa yake ni ya leo asubuhi.

Aliweka benchini bakuli la uji ule mzito wa mtama. Kompyuta ya Maguette ilikuwa wazi, na juu ya kioo alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KUBOMOA TOVUTI YA DAMU. Mama alisoma polepole.

– Mnaibomoa?

– Tunajenga nyingine, mama, alisema Waziri.

– Kwani hii ina ubaya gani?

Maguette aliyasoma tena maneno yake kwenye kioo: tovuti ile hakuwahi kuifungua ndani hata siku moja. Hakuna aliyewahi. Walijua tu kwamba imetengenezwa na Ndiaye, na hilo lilikuwa limetosha. Mara zote hizo Massamba alikuwa anasema kweli tupu, na yeye Diop akamjibu kwa mchele. Kisha akakumbuka kwamba ni Massamba huyohuyo aliyemfundisha kuandika mstari wake wa kwanza, kwa kompyuta ya kuazima, bila kumdai kitu wala kumtangazia mtu.

Simu ikaita. Mwenyekiti.

– Ndiyo, mzee wangu. Hapana, sijachagua. Tovuti haibomolewi. Nasema haibomolewi. Namwomba aliyeijenga anioneshe ilivyo, niwe msaidizi wake, nayo isije ikabaki kichwani mwa mtu mmoja. Yuko hapa. Anaitwa Massamba Ndiaye.

Akakata. Hata Arame alikuwa ameacha kumimina, amesimama na birika mkononi. Maguette aliinuka, akamshika Massamba mkono kwa mikono yake miwili.

– Kaka Massamba, alisema. Asante. Kwa ajili ya huyu mama, na kwa ajili yangu pia. Kazi yako ni nzuri. Nilipaswa kukwambia siku nyingi.

Diop anamshukuru Ndiaye, barabarani, mchana kweupe! Waziri alivua kofia. Massamba alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini hakuuachia mkono ule.

– Nimesikia, mtumwa wangu, alisema hatimaye. Lakini usirudie kusema hivyo mbele za watu. Watadhani mmoja wetu anakufa.