Usingizi wa Kapteni

Benchi lilikuwa mbele ya kibanda cha Msumari, fundi viatu, karibu kabisa na lango la kiwanja kidogo cha ndege. Miaka nenda miaka rudi watu walikutana hapo kunywa kahawa na kubishana kwa sauti za kuamsha mtaa, isipokuwa Kapteni alipokuja. Yule rubani wa ndege ya mizigo alizoea kujinyoosha benchini kati ya safari na safari, koti chini ya kichwa, na papo hapo anauchapa usingizi. Basi wote walibishana kwa kunong'ona, mishipa ya shingo imewatoka, mpaka Msumari amguse bega: "Kapteni, saa imefika." Kazi ya kumwamsha ilikuwa yake, na aliionea fahari kuliko kushona viatu. Raha ilikuwa siku zile! Sasa Kapteni hayupo, alizikwa wiki iliyopita, na asubuhi hii redio imetangaza kilichoiangusha ndege yake mlimani: hali mbaya ya hewa na uchovu wa rubani.

— Ni hewa, alisema Msumari kabla hajaulizwa. Ukungu wa siku ile, hata nyundo yangu niliitafuta kwa kupapasa.

— Ukungu wapi! alisema Breki, dereva mstaafu wa lori. Zile zilikuwa breki. Zilikatika.

— Breki, angani?

— Kwani wewe unadhani inapunguzaje mwendo?

Kinyozi, aliyeitwa Nusu Kikombe kwa sababu hajawahi kununua kikombe kizima, alitikisa kichwa kwa masikitiko.

— Hamjui kitu. Alibeba nini? Vifaranga, maboksi kwa maboksi. Radi ikipiga, kifaranga anakimbilia pembeni. Wakikimbia wote upande mmoja, ndege inalala ubavu.

— Vifaranga waangushe ndege?

— Mbona wengine wameokotwa wazima? Walijipanga wale!

Walicheka, kisha wakaona aibu kucheka. Dada wa kahawa akaweka birika chini.

— Jamani, redio imesema uchovu. Mtu alikuwa amechoka, basi.

— Hakuchoka! Msumari alifoka. Si alilala hapa hapa?

— Alilala kidogo, kaka. Siku ile ulimwamsha mara mbili. Ya kwanza alikuitikia kwa jina la mkewe.

Msumari aliinamia kiatu kilichokuwa magotini, asikione. Alitaka iwe hewa. Aliitaka iwe hewa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, kwa sababu hewa haina mwenyewe, lakini uchovu ule aliushika kwa mkono wake akautikisa begani mpaka ukasimama.

Breki alimtazama rafiki yake, akakohoa.

— Nikikaa nikafikiri, ni hewa kweli. Mawingu ya siku hizi yana mawe ndani. Zamani wingu lilikuwa maji matupu.

— Kweli kabisa, alidakia Nusu Kikombe. Mimi jiwe moja liliniangukia uani. Ndilo ninalonolea wembe.

Msumari alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, akayafuta kwa kitambaa chenye rangi ya viatu.

— Mnakumbuka akiamka alikuwa anauliza nini?

— "Leo nani kashinda?" walijibu wote kwa pamoja.

— Na hatukuwahi kukubaliana.

Walimkumbuka akifunga kamba za viatu huku akiwasikiliza wanavyojitetea, kama hakimu mwenye haraka.

Kijana mmoja alitoka langoni, shati jeupe lenye mistari mabegani, macho mekundu. Nyuma yake anga ilikuwa imeanza kujifunga upande wa mlimani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Mimi ndiye niliyeletwa kushika ile safari. Nimekuwa njiani tangu jana. Wenzangu ndani wanasema hapa mtu anaruhusiwa kujinyoosha.

Walimpisha. Alikunja koti lake, akaliweka ubaoni.

— Natakiwa kuruka saa nane. Mzee, utaniamsha?

Breki alichungulia kikombe chake kilichokwisha. Nusu Kikombe alimtazama dada wa kahawa, dada akatazama birika. Msumari alitazama mlima, haukuonekana tena. Akayaondoa makopo yake ya rangi mwisho wa benchi ili miguu ya kijana ipate nafasi.

— Lala, mwanangu, alisema. Kuamka utaamka mwenyewe.