Aliyepatana Bei ya Jicho

Mbele yangu ndani ya basi walikaa karani wa utafiti wa afya na fundi cherehani aliyempakata bintiye aliyetoka kupasuliwa jicho.

"Dada, kwanza ulisema ungelipia upasuaji elfu tano, wiki iliyopita ukasema laki mbili. Nijaze ipi kwenye dodoso?" karani akauliza.

"Mara ya kwanza nilidhani unauza huo upasuaji, nikaanzia chini. Ukaondoka bila kubishana! Uliporudi nikapandisha, mtoto akapasuliwa. Tangu hapo nangoja mje kudai laki mbili zenu. Cherehani nimeificha kwa shemeji msije mkaikamata."

Karani akacheka. "Hatuuzi wala hatudai, dada, upasuaji ulikuwa bure. Tunapima tu kama jibu la mtu halibadiliki."

"Kumbe!" Akashusha pumzi ndefu. "Basi andika elfu tatu."

"Jamani! Mkubwa wangu kazini anataka jibu moja."

Bei ya mafuta wakubwa wanaibadili kila mwezi, ila mnyonge awe na jibu moja. Marehemu mke wangu alipougua, hawakuniuliza hata hilo moja.

Basi likasimama. Fundi akainuka na mwanawe, uso umemkunjuka. "Mwambie mkubwa wako ajaze bei ya jicho la mwanawe mtoto akiwa mzima, halafu mumuulize tena akiuguliwa."