Vikombe Juu ya Boneti

Kijiwe chetu kiko Ujiji, njia ya kushukia ziwani, nje ya kibanda changu cha cherehani. Tuna mabenchi mawili, na katikati kuna meza ambayo si meza: ni boneti la Pijo ya zamani, limelazwa juu ya mawe, nasi tumeliwekea vikombe vya moto miaka mingi mpaka limejaa alama za duara. Nehemia anamimina kahawa, sisi tunamimina maneno. Siku hiyo alikuwepo Mzee Telesphory, tunayemwita Mzee Reli kwa kuwa alistaafia relini. Alikuwepo Meshack fundi simu, jina lake Betri, maana akianza kuongea hazimiki. Na mimi hapa, Futi Kamba, kwa ajili ya hii ninayovaa shingoni. Ndipo akaja Dismasi, muosha magari wa Katonga, simu mkononi, bega la kulia limeinama.

Alikuwa na habari njema, na habari njema ilikuwa inamtesa. Yuko Agnesi, binti wa Mama Veneranda muuza mawese. Siku ya harusi yake gari la kukodi liliharibika njiani. Dismasi akaichukua pikapu ya mama mtu, inanuka mawese kila pembe, akaisugua kwa mkono mpaka bi harusi akatengeneza shela yake akijitazama kwenye mlango kama kioo. Hakutaka hata soda. Bega ndilo lililolipa, na mpaka leo halijakaa sawa. Sasa Agnesi yuko Dar es Salaam, amesimama dukani, anataka kumnunulia mashine ya kung'arishia rangi. Moja tu, ndio uwezo wake. Dismasi achague kabla duka halijafungwa.

— Ziko aina mbili, Dismasi akatueleza. Moja inazunguka tu. Ina nguvu, mkwaruzo unatoka mara moja, ila ukiituliza mahali pamoja inachoma rangi. Nyingine wanaiita dabo. Inazunguka huku inatikisika. Ni ya taratibu, lakini ina huruma.

Hofu yake tuliijua. Mwaka jana aliazima grenda ya fundi chuma, akaifunga sponji, akaenda nayo kwenye gari la mchungaji. Kona ya mlango ikabaki bati tupu. Mchungaji alisamehe, ila baadhi ya wateja hawakurudi, na rangi ikishaondoka hairudi kwa toba.

— Chukua ya kuzunguka, Mzee Reli akasema. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

— Mwana gani, mzee? Tunaongelea gari.

— Hata gari lina baba yake. Gurudumu la treni linazunguka tu, halitikisiki, na limefika Kigoma tangu enzi za Mjerumani.

— Kutikisika linatikisika, Betri akasema. Nilipanda juzi, meno yakabadilishana viti.

Betri yeye alikuwa upande wa dabo, kwa hoja zake. Alidai mkwaruzo una akili: ukiuzungushia upande mmoja unajua pa kukimbilia, lakini ukiutikisa unachanganyikiwa, unajitoa wenyewe. Huko Japani, akasema, magari yanalazwa kwenye gereji zinazotikisika, ndiyo maana yanafika hapa yanang'aa.

— Na wahenga walishasema, mtaka yote hukosa yote. Kwa hiyo chukua dabo.

— Methali hiyo inaikataa dabo, nikamwambia.

— Inategemea unaisoma umekaa benchi lipi.

Nami nikachangia, nisionekane sina kichwa. Nikasema sindano ya cherehani haizunguki wala haitikisiki, inapanda na kushuka, kwa nini wasitengeneze ya hivyo? Nehemia akanisogezea kikombe changu.

Mzee Reli akainama, akapapasa jiwe mojawapo chini ya boneti.

— Haya niliyatoa mwenyewe ufukweni Katonga. Laini kama yai. Nani kayang'arisha? Ziwa. Na Tanganyika halibembelezi mtu. Nguvu, Dismasi.

— Na hilo ziwa linazunguka, mzee? Betri akauliza.

Mzee akalipapasa tena lile jiwe.

— Linakwenda, linarudi.

— Basi linatikisa.

— Linatikisa, Mzee Reli akakubali, kwa uchungu wa mtu aliyejifunga goli mwenyewe.

Dismasi akapitisha kiganja kwenye lile jiwe, polepole. Kisha akamwandikia Agnesi: dabo. Agnesi akajibu kwa kupiga simu, sote tukamsikia. Alisema asante, bado anayo picha ya ule mlango wa pikapu. Dismasi akatazama pembeni kidogo. Mimi ndiye wa kushukuru, akasema, ingawa simu ilikwishakatika.

Hapo akafika kijana mgeni, Bariki, ametoka kushuka kwenye boti ya Mwamgongo. Akatusalimu kwa Kiha, mwidiwe, akatoa shikamoo, akapokea kahawa, akauliza kuna nini. Tukamweleza wote kwa pamoja. Akatazama barabara juu, akaitazama chini.

— Samahani wazee wangu. Kwetu tunafika kwa boti, magari siyajui sana. Ya kwenu yako wapi, niyaone?

Mzee Reli hana hata baiskeli. Betri akaanza kutafuta kitu mfukoni. Nehemia akapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

— Kumbe hamna hata gari moja, Dismasi akasema, na mmegombana mchana kutwa kwa ajili ya bega langu. Nawashukuru sana, ndugu zangu.

Akaokota vikombe vyetu juu ya boneti, akamkabidhi kila mtu chake. Akavuta kitambaa chake kibichi, akaanza kufuta.

— Mashine mpya unajifunzia kwenye bati bovu. Ikifika, itaanza na hili.

Chini ya vumbi na kahawa ikatokea samawati. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa anajua meza yetu ina rangi gani.

Nehemia akatujazia tena. Kahawa ilikuwa ya moto, vidole vinaungua, tukawa tunahamisha vikombe mkono hadi mkono. Hakuna aliyekiweka chake juu ya boneti.