Gunia la Binti Pelatya

Ugonjwa uliotuleta hapa makaburini ulijitokeza Jumanne tarehe 14 Januari 2014, saa nne na robo asubuhi, shangazi yangu Tirza akiwa kazini hapa Yerusalemu, mkono wake wa kulia ulipotetemeka na donge la udongo likamponyoka, likatumbukia kwenye ndoo ya maji. Mimi ni Yiska, binti wa kaka yake, nilikuwa kando yake siku ile nikimwandikia kumbukumbu za kazi, na familia imeniomba nisome wasifu wake. Mtanivumilia, tumechoka sote.

Marehemu alizaliwa Tiberia tarehe 9 Mei 1951, mtoto wa nne wa Makhluf na Zohara waliotoka Moroko, akasoma huko hadi 1969, akahitimu chuo kikuu Yerusalemu mwaka 1975, akaolewa na Elhanan tarehe 3 Septemba 1978, wakajaliwa Asael na Naama.

Maisha yake yote ya kazi alisoma mihuri ya Kiebrania ya kale, iliyogongwa kwenye vidonge vya udongo vidogo kama ukucha, juu ya fundo la gunia au la barua. Vilivyopita motoni siku Yerusalemu ilipochomwa na Wababeli huvumilia kuoshwa, vibichi huyeyuka kama sukari kwenye chai, ndiyo maana alisimama kwenye ndoo tunazooshea udongo wa machimbo akiwafokea vijana wa kazi, "We, hilo si kokoto, toa mkono!" nao wakamwita Mama Ukame.

Siku ile alikuwa amesoma kwenye donge jina la mwanamke, na baada yake "binti Pelatya", wakati wenzake walishikilia kwamba mihuri ya wanawake ilikuwa pambo tu la shingoni. Alipolitoa donge majini, neno "binti" na jina la baba yalibaki, jina la binti mwenyewe limefutika, wala donge halikuwa limepigwa picha, na katika kazi yetu jina lililosomwa na mtu mmoja haliandikwi. Mwenzake Yoram akamsihi, "Tirza, umelisoma, liandike, nani atakupinga?" akajibu, "Mimi. Wewe unanihurumia tu." Nilimwuliza tena jina hilo miaka baadaye, akiwa mgonjwa kitandani, akacheka, "Yiska, bado tu na wewe?" Hakulitaja.

Alifariki nyumbani jana, Jumatano tarehe 6 Novemba 2019, alfajiri. Tunawashukuru madaktari, majirani walioleta supu bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliomfungia vifungo vya koti miaka yote hii.

Asubuhi iliyofuata siku ya ndoo alifika kabla yetu, akaligeuza donge kwa mkono wa kushoto chini ya taa, kisha akamwita Yoram. "Soma mgongo wake. Mimi nitanyamaza." Yoram akainama muda mrefu, akasema, "Alama za nyuzi za gunia, za punje, na za kamba iliyopita mara mbili. Gunia la nafaka, lilifunguliwa na kufungwa tena." Shangazi akaketi, akaniambia niandike kwamba binti Pelatya, jina halisomeki, alikuwa na nafaka yake, na alifunga gunia kwa muhuri wake. Kisha akamwaga ndoo yake, akavaa koti, akaenda kwa daktari.

Mikono yako na ipumzike sasa, Shangazi.